Weupe Usiodumu: Mpiga Picha, Theluji na Majumba ya Kale

Watu wengi wa pwani hii wameijua theluji kwa ulimi kabla ya kuijua kwa jicho. Mtoto aliyepelekwa chuoni akasomeshwa sala hufundishwa dua ya kufungulia, ile ambayo mja humwomba Mola wake amwoshe madhambi yake kwa maji, kwa theluji na kwa mvua ya mawe. Huihifadhi mtoto dua hiyo akaisoma mwaka baada ya mwaka, na nje ya dirisha la msikiti pana mnazi na jua la saa tisa. Hata jina lenyewe hatukulibuni sisi. Theluji ni thalji ya Waarabu, na barafu ni barf ya Waajemi, ambayo kwao ni hiyo hiyo theluji iangukayo kutoka juu. Maneno yalipakiwa majahazini yakaja, kitu chenyewe kikabaki huko huko.

Basi msomaji asistaajabu kuona ukurasa huu leo ukizungumza juu ya wapiga picha wanaotoka nje wakati wenzao wanajifungia ndani, wakasimama katika baridi kali ili wapate taswira ya msikiti, kanisa, daraja ama mtaa wa kale uliofunikwa na theluji. Kazi hiyo ina miaka mia na ushei, ina mabingwa wake, na ina elimu yake. Fauka ya hayo, ina swali lake, na swali hilo latuhusu hata sisi tusiokuwa na theluji mitaani kwetu. Swali ni hili: huo weupe husafisha, ama hufunika tu?

SAA TATU KATIKA TUFANI

Tuanze na Mmarekani, Alfred Stieglitz, aliyezaliwa mwaka 1864. Bwana huyu alisoma Ujerumani, akarudi New York mwaka 1890. Siku hizo wapiga picha waliojihesabu kuwa mabingwa walitumia makamera makubwa yaliyosimamishwa juu ya miguu mitatu, na walipenda siku za jua la kutosha. Kamera ndogo ya kushika mkononi ilikuwa kama mchezo wa watoto machoni mwao, na siku ya tufani ya theluji ilikuwa siku ya kukaa karibu na moto.

Tarehe 22 Februari 1893 Stieglitz alichukua kamera ndogo, tena ya kuazima, akaenda akasimama katika barabara ya Fifth Avenue huku theluji ikivuma. Alisimama hapo muda wa saa tatu. Alikuwa akingoja nini? Alingoja vitu vyote vikae mahali pake: ile michirizi ya magurudumu barabarani, majumba yanayofifia katika ukungu mweupe, na gari la farasi likija kumwelekea, dereva wake amejikunyata. Lilipofika lile gari pale alipopataka, ndipo alipobonyeza.

Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba wenzake walipoiona filamu ile walimcheka, wakaiona ni kiwingu kitupu kisichofaa kitu. Naye hakuwasikiza. Alikata pembeni yale yasiyohitajika, akaisafisha picha kwa saburi, na leo hiyo ni miongoni mwa picha mashuhuri kabisa katika historia ya kazi hii.

Mwaka 1903 alirudia tena. Jengo la Flatiron, lile lililochongoka kama pasi, lilikuwa limekamilika mwaka 1902, na watu wengi wa mji, baba yake Stieglitz akiwa mmoja wao, waliliona ni la kuchukiza. Stieglitz alilipiga picha siku ya theluji, mti mmoja umesimama mbele, na jengo nyuma limekuwa jepesi kama kivuli, mithili ya omo ya meli inayokuja katika ukungu. Jengo siku hiyo lilikuwa jipya. Sasa limepita miaka mia na kitu, nalo limeingia katika hesabu ya majumba ya kale. Picha ilikuwa imetangulia kuliona hivyo.

KAMERA HUDANGANYIKA

Mtu aweza kudhani kuwa picha ya theluji ni jambo jepesi. Kila kitu ni cheupe, nuru imejaa, kosa litatoka wapi? Kumbe ni kinyume. Wengi wanaojaribu mara ya kwanza hupata picha ambayo theluji yake ni ya rangi ya jivu, kama ufuo wa mchanga siku ya mawingu.

Sababu yake ni kipima-nuru kilichomo ndani ya kamera. Chombo hicho hakijui kinatazama nini. Kimefundishwa jambo moja tu: kwamba ulimwengu, ukiuchanganya weusi wake na weupe wake, jumla yake ni kijivu cha wastani. Kikielekezwa kwenye mtaa wa kawaida hupatia. Lakini theluji mpya hurudisha karibu sehemu themanini hadi tisini katika kila mia za nuru inayoifikia. Kipima-nuru kikauona mwangaza huo hudhani umezidi, kikaupunguza, na theluji ikageuka jivu. Dawa yake ni mpiga picha kukikataza. Huongeza nuru kwa daraja moja, mara nyingine hata mbili, na kila daraja ni nuru maradufu ya ile iliyotangulia. Lakini asizidishe, maana akizidisha, theluji itapoteza chembechembe na mikunjo yake, ikawa kama karatasi isiyoandikwa kitu.

Almuradi kamera ni mtumwa mtiifu, ila haina akili ya kujua kilicho cheupe. Huyo bwana wake ndiye ajuaye.

Yako na mengine. Jua la majira ya baridi katika nchi hizo halipandi juu ya utosi kama letu. Hupita chini chini, hata adhuhuri likawa limeinama, na nuru yake ikaja kwa ubavu ikilamba ardhi. Nuru ya namna hiyo ndiyo inayoonyesha kila kifundo cha theluji, kila jiwe, kila nakshi ya ukutani. Vivuli vyake huwa vya samawati, kwa sababu mahali ambapo jua halifiki, mbingu peke yake ndiyo inayomulika. Wapiga picha wa filamu nyeusi-na-nyeupe walikuwa wakiweka kioo cha manjano mbele ya lenzi ili vivuli hivyo vikolee na theluji ipate sura.

Ikiwa theluji ingali inaanguka, mwenye kamera ana hiari. Akiliacha jicho la kamera wazi kwa muda mrefu kidogo, tuseme sehemu moja ya thelathini ya sekunde, chembe zitakuwa mistari kama mvua. Akilifumba upesi, sehemu moja ya mia mbili na hamsini, zitaganda hewani kama pamba. Ama akiwasha taa ya kamera, chembe zilizo karibu naye zitang'aa zikaziba kila kitu, na jumba alilolifuata halitaonekana.

Na baridi nayo ina inda zake. Betri hulegea, hivyo wajuzi huweka ya akiba mfukoni karibu na mwili. Filamu hukauka ikawa ya kuvunjika, na ikizungushwa kwa pupa hutoa cheche ndogo zinazoacha alama. Mtu akitoka nje na kamera yake baridi, akaingia moja kwa moja nyumbani penye moto, kamera hutokwa na jasho ndani na nje, kama gilasi ya maji ya barafu juu ya meza ya hoteli. Aliyeelimika huifunga mfukoni kwanza, akaiacha ipate joto taratibu.

Lakini sharti kubwa kuliko yote ni la miguu. Theluji haijui kusamehe unyayo. Mtu akikanyaga mbele ya kile anachotaka kukipiga, amekwisha andika jina lake juu yake, na hakuna wa kulifuta mpaka mbingu zimwage tena. Kwa hiyo mpiga picha wa theluji hujifunza kutazama kwanza na kutembea baadaye, adabu ambayo wengi wetu twaihitaji hata katika mambo mengine.

KWA NINI MAJUMBA YA KALE?

Theluji huangukia kila kitu, cha zamani na cha sasa. Basi kwa nini wapiga picha wakaifuata zaidi kwenye majumba ya kale?

Jibu la kwanza ni la umbo. Ghorofa ya siku hizi aghalabu ni ukuta ulionyooka wa saruji na vioo, na theluji haina pa kukaa. Jumba la zamani lina kingo, vidaka, matao, nakshi, mabega na vichwa vya nguzo. Kila penye ukingo theluji hutua, ikapiga mstari mweupe chini ya kivuli cheusi. Kazi ya fundi aliyekufa miaka mia nne iliyopita, ambayo siku nyingine imemezwa na vumbi na moshi, huonekana asubuhi hiyo kama aliyeichora kwa chokaa jana. Zaidi ya hapo, nuru hupiga theluji ya chini ikarudi juu, ikaingia chini ya upenu na ndani ya matao ambamo mwaka mzima ni giza.

Jibu la pili ni la yale yanayofichwa. Theluji hufunika magari, mapipa ya taka, rangi za barabarani na viraka vya lami. Kwa saa chache mji hufanana na ulivyokuwa kabla ya vitu hivyo. Sauti nazo hupungua, kwani theluji mpya hunywa sauti. Mpiga picha akiwahi alfajiri, kabla magari hayajaikoroga ikawa tope, hupata mwanya ambao hautarudi mpaka msimu mwingine, na pengine hautarudi kabisa.

Na la tatu ni la ndani zaidi. Theluji hutoa siri ya nyumba. Katika mitaa ya nyumba kuukuu ambazo mapaa yake hayazuii joto, nyumba yenye moto huyeyusha theluji iliyo juu yake, kwanza karibu na bomba la moshi, kisha penginepo. Nyumba ambayo paa lake limebaki jeupe siku ya tatu wakati majirani wamekwisha onyesha vigae, hiyo aghalabu haina moto ndani. Labda ni mtu mzima asiye na kuni. Labda wenyewe wamehama. Mpiga picha mwenye jicho husoma mapaa kama mwalimu asomavyo uso wa mwanafunzi.

ISTANBUL NA HUZUNI YAKE

Miji yenye theluji ni mingi, lakini kwa msomaji wa ukurasa huu mmoja wafaa kutazamwa kwa karibu zaidi, nao ni Istanbul. Huo ni mji wa makuba na minara, wenye bahari katikati, na hapo msikiti na theluji hukutana kweli kweli wala si katika dua peke yake. Theluji haikai Istanbul miezi mitano kama inavyokaa Moscow. Huja na upepo wa Bahari Nyeusi, ikakaa siku chache, ikaondoka. Iko miaka iliyopita kiasi. Mnamo Februari 1954 mabonge ya barafu yaliyotoka katika mto Danube yalivuka Bahari Nyeusi yakaingia mlango-bahari wa Bosphorus, na watu wakathubutu kupanda juu yake.

Msikiti wa Süleymaniye, uliojengwa na Sinan, bingwa wa majenzi wa dola ya Kituruki, kati ya mwaka 1550 na 1557, una makuba yaliyofunikwa kwa mabati ya risasi. Rangi ya risasi ni kijivu kizito. Ikianguka theluji, kuba kubwa na makuba madogo yaliyolizunguka huwa kama marundo ya unga yaliyopangwa na mkono mmoja, na minara minne husimama kama kalamu juu yake. Msikiti wa Sultan Ahmed, uliomalizika mwaka 1616, una minara sita. Aya Sofya ni jengo la mwaka 537. Mtu akitazama majengo hayo yote siku hiyo kutoka upande wa pili wa maji, hawezi kujua kwa macho yupo karne gani.

Mwenye kuyatazama kwa kamera kuliko wote alikuwa Ara Güler. Alizaliwa Istanbul mwaka 1928, wa jamaa ya Kiarmenia, baba yake akiwa na duka la madawa katika mtaa wa Beyoğlu. Aliingia kazi ya magazeti mwaka 1950, akapiga picha za mji wake kwa miaka zaidi ya hamsini, hata wakamwita Jicho la Istanbul. Alifariki tarehe 17 Oktoba 2018, miezi miwili tu baada ya kufunguliwa jumba la makumbusho lenye jina lake siku alipotimiza miaka tisini.

Güler hakupenda kuitwa msanii. Alisema yeye ni mwandishi wa habari anayeandika kwa kamera, mtu wa kuweka kumbukumbu. Ukiziangalia picha zake za majira ya baridi, zile za miaka ya hamsini na sitini, utamfahamu. Hakupiga makuba peke yake. Katika theluji yake mna tramu inayopanda kilima polepole, mna wachukuzi waliopinda migongo, mna mtu aliyevaa kofia akivuka barabara mbio, mna feri zinazotoa moshi mweusi juu ya mbingu nyeupe. Msikiti upo nyuma, mkubwa na mtulivu, lakini mbele yake yupo mtu mwenye baridi anayetafuta riziki.

Na ndipo ulipo uzito wa kazi yake. Kuanzia mwaka 1956, enzi ya Waziri Mkuu Adnan Menderes, mitaa mizima ya kale ilibomolewa ili kupitisha barabara pana. Tramu za upande wa Ulaya zilisimamishwa mwaka 1961, na za upande wa Asia mwaka 1966. Daraja la zamani la Galata, lililofunguliwa mwaka 1912, liliungua mwaka 1992. Nyumba za mbao zilizopangana ukingoni mwa maji ziliungua moja baada ya moja, na nyingine zikauzwa zikavunjwa. Güler alipokuwa akipiga, hakuna aliyedhani kuwa anapiga picha za marehemu. Mtu huona mtaa wake kila siku akaamini kuwa utakuwapo daima. Kilichobaki cha mitaa ile ni picha.

Mwandishi Orhan Pamuk, mwana wa mji huo aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2006, alitoa mwaka 2003 kitabu cha kumbukumbu za utotoni mwake Istanbul, na picha nyingi alizozitia humo ni za Güler. Katika kitabu hicho ameshughulika sana na neno moja, hüzün, hali ya majonzi ambayo kwake si ya mtu mmoja bali ya mji mzima, mji uliokuwa na dola ukabaki na magofu. Msomaji bila shaka amekwisha lisikia neno hilo. Ni huzn ya Kiarabu, na ni huzuni yetu sisi. Mturuki na Mswahili walikopa katika duka moja. Tofauti ni kuwa sisi huzuni twaitia kwa mtu, katika rambirambi na mashairi ya maombolezo, nao wameitia hata katika kuta na mapaa. Lakini mwenye kupita Siyu akaona magofu yake, ama Gedi jua likizama, ataelewa wanasema nini.

MWENYE MKONO MMOJA

Hatuwezi kuiacha Ulaya bila kumtaja Josef Sudek wa Prague. Alizaliwa mwaka 1896, akaenda katika Vita Vikuu vya Kwanza, akarudi hana mkono wa kulia. Kwa mkono mmoja akashika kazi ya kamera, tena yale makamera makubwa mazito ambayo mtu wa mikono miwili huyaonea taabu. Dada yake alimsaidia, na pale mkono ulipopungua, meno yalitumika.

Kati ya mwaka 1924 na 1928 Sudek alikuwa akipiga picha ndani ya kanisa kuu la Mtakatifu Vitus. Jengo hilo lilianzishwa mwaka 1344 na halikumalizika mpaka mwaka 1929, kwa hiyo alilikuta lina mafundi, mbao, kamba na vumbi. Hakungoja wasafishe. Alipiga mwale wa jua unaopita katika vumbi la mafundi, na makoleo yaliyoegemezwa penye nguzo za karne nyingi.

Wajerumani walipoikalia nchi yake, kuzunguka mjini na kamera kukawa na hatari. Mwaka 1940 Sudek aligeukia dirisha la studio yake ndogo, akaanza kupiga kile kilichoonekana hapo: mti uliopinda, ua, theluji, na umande ulioganda kioo. Aliendelea na dirisha hilo hilo hadi mwaka 1954. Miaka kumi na minne, dirisha moja! Alifariki mwaka 1976. Wako wanaodhani kuwa ili mtu apate picha lazima asafiri mbali. Sudek alibakia nyumbani, misimu ndiyo iliyokuwa ikisafiri kumjia.

HUSAFISHA AMA HUFUNIKA?

Sasa turudi kwenye swali letu. Katika dua, theluji ni ya kuoshea. Katika kalenda na kadi za posta, theluji ni ya kufunikia. Nyumba iliyopasuka huonekana nzima, mtaa wa masikini huonekana kama sukari, na mnunuzi wa kadi hufurahi bila kuulizwa lolote.

Na tena kuna hila ndani ya uzuri huo. Theluji inayolipamba jumba la kale ndiyo hiyo hiyo inayolila. Uzito wake huvunja mapaa yaliyooza. Ikiyeyuka mchana, maji yake huingia katika nyufa za mawe, na usiku yakiganda hutanuka kwa kadiri ya sehemu tisa katika mia, yakaupanua ufa. Kesho yake huyeyuka tena yakaingia ndani zaidi. Miaka ikipita jiwe hupasuka kama muhogo. Kwa hiyo anayepiga picha ya jumba la kale katika theluji anapiga picha ya arusi na ya ugonjwa kwa pamoja. Akiwa ni mtu wa kalenda, ataiona arusi tu. Akiwa ni mtu wa insafu, ataonyesha na ufa.

Rai ya mwandishi huyu ni kwamba theluji yenyewe haina hatia. Mwenye kamera ndiye anayeamua. Stieglitz alimuonyesha dereva aliyejikunyata. Güler aliwaonyesha wachukuzi. Sudek hakuondoa koleo la fundi. Wote watatu walipenda uzuri, na hapana aliyekubali uzuri uwanyime watu nafasi yao. Hiyo ndiyo tofauti baina ya picha inayofunika na picha inayosafisha macho.

Haya yatuhusu vipi? Kwanza, theluji tunayo, japo si pwani. Mmisionari Johannes Rebmann alipotoka Rabai akauona weupe wa Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, na mwenzake Krapf alipouona wa Mlima Kenya mwaka 1849, mabwana wa jiografia kule London walikataa kata kata kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Maneno hayakutosha. Msafara wa Halford Mackinder ulipofika kilele cha Mlima Kenya mwaka 1899 ulirudi na picha za mito ya barafu ya mlima ule. Leo barafu hiyo imepungua vibaya, nyingine imetoweka kabisa, na wataalamu wanaotaka kujua kimepotea kiasi gani husimama pale pale na picha za zamani mkononi wakalinganisha. Kama zile picha hazingepigwa, huenda tungeanza kubishana kwa upya kama wale mabwana wa London.

Pili, vijana wetu wengi sasa wako London, Toronto, Minneapolis na kwingineko, na kila ikifika Desemba hutuletea picha zao katika makoti manene, theluji mpaka magotini. Twafurahi kuwaona wazima. Lakini nawaomba jambo moja. Siku moja jisogeze kando, kijana wangu. Acha nyumba unayokaa ionekane, na msikiti mnaosalia, na mtaa wenu, na jirani anayezoa theluji mlangoni pake. Andika mwaka na jina la mahali. Wajukuu zako watataka kujua babu yao alikaa wapi, na uso peke yake hautawaambia.

Na tatu ni sisi tuliobaki. Majumba yetu hayapasuliwi na barafu. Adui zetu ni chumvi, mvua ya masika, mizizi ya mti uliojiotea ukutani, na mnunuzi mwenye haraka ya ghorofa. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883, iliporomoka sehemu yake kubwa mchana mmoja wa Desemba 2020. Haikungoja theluji. Hata Lamu, iliyotiwa katika orodha ya turathi za ulimwengu mwaka 2001, huanguka ukuta mmoja mmoja bila kupigiwa mbiu. Kila masika huja ikaondoka na chokaa ya mtu. Na karibu kila mfuko siku hizi una simu yenye kamera ambayo Stieglitz angeitolea ng'ombe, lakini tumeshughulika kuzipiga nyuso zetu na sahani za biriani.

Hatuna theluji ya kutustukiza, ya kutuambia: leo tu, kesho sipo. Majumba yetu huaga polepole, na anayeaga polepole hasikiki. Basi atuambie nani? Naliweka swali hilo mbele ya wasomaji, na kwa sahani yake naweka na ubeti mmoja, mwenye kuweza aujibu:

Theluji ikianguka, hutanda juu mjini,
Kuba zikafunikika, na minara ya angani,
Jua likija kuwaka, huwa maji mitaroni,
Picha ndiyo hukumbuka, yaliyotoka machoni.